Mtoto Njiti na Mashine ya Kupumulia: Aachishwe Lini?

Kila mama aliyelea anaijua kazi ya kumwachisha mtoto ziwa. Akiachishwa kabla ya wakati hukonda na kuandamwa na maradhi. Akicheleweshwa bila kuzoeshwa chakula kingine, hukosa nguvu zinazolingana na umri wake. Katika hospitali kubwa iko kazi nyingine ya kuachisha, ambayo wazazi wengi hawaijui mpaka iwafikie wenyewe. Hiyo ni kazi ya kumwachisha mashine ya kupumulia mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, yule ambaye watu wengi humwita mtoto njiti. Hapo kosa la kuwahi na kosa la kuchelewa yote mawili yana gharama, na mwenye kuilipa gharama hiyo ni kiumbe ambaye pengine hajatimiza uzito wa kilo moja.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Daktari wa watoto wachanga husimama kila asubuhi kati ya methali hizo mbili, na hawezi kuzitii zote kwa wakati mmoja. Makala ya juma hili inaeleza chombo ambacho katika miaka ya karibuni kimeanza kumsaidia daktari huyo kuchagua. Chombo chenyewe ni kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, ambacho huwekwa juu ya kifua cha mtoto ili kusoma hali ya mapafu yake.

KWA NINI PUMZI HUMSHINDA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37. Hao ni karibu mtoto mmoja katika kila kumi waliozaliwa. Mapafu ni miongoni mwa viungo vinavyochelewa kukomaa tumboni, na kwa sababu hiyo pumzi ndiyo taabu ya kwanza ya mtoto njiti.

Ndani ya pafu mna vifuko vidogo sana vya hewa. Ili visijifunge kila mtu anapotoa pumzi, mwili hutengeneza ute mwembamba unaoitwa safaktanti, ambao hutanda juu ya kuta za vifuko hivyo. Anayetaka kuelewa na achukue mfuko wa plastiki, aulowanishe ndani kwa maji, kisha aubane. Kuta zake hushikamana, na kuzitenganisha huhitaji nguvu. Vifuko vya mtoto njiti hushikamana vivyo hivyo, naye hulazimika kuvifungua upya kwa kila pumzi mpaka misuli yake ichoke. Jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1959 na madaktari wa Marekani, Mary Ellen Avery na Jere Mead, waliochunguza mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo na kukuta kwamba ute huo ulikuwa umepungua.

Miaka minne baadaye dunia nzima ilipata kusikia habari za ugonjwa huo. Tarehe 7 Agosti 1963, katika hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Otis, jimbo la Massachusetts, alizaliwa Patrick, mtoto wa Rais John Kennedy wa Marekani, zaidi ya wiki tano kabla ya siku zake. Alikuwa na uzito wa kilo mbili na ushei, ambao leo katika wodi nyingi ungehesabika kuwa uzito wa matumaini. Alikimbizwa Boston siku ile ile, lakini tarehe 9 Agosti akafariki. Baba yake alikuwa Amiri Jeshi Mkuu wa jeshi lenye nguvu kuliko mengine, na hata hivyo hapakuwa na njia ya kuyategemeza mapafu ya mwanawe.

Njia zilipatikana baadaye, moja baada ya nyingine. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza namna ya kumpa mtoto hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, ili vifuko visijifunge anapotoa pumzi. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kuwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano ya dawa za jamii ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akatangaza habari za watoto kumi waliotiwa mapafuni safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Kwa wale ambao hata hayo hayawatoshi, iko mashine ya kupumulia, ambayo husukuma hewa ndani ya mapafu kwa mpira mwembamba uliopitishwa kooni. Kwa mtoto wa chini ya kilo moja, tundu la mpira huo huwa na upana wa milimeta mbili na nusu tu.

RAFIKI ASIYEFAA KUKAA SANA

Mashine hiyo imeokoa watoto wengi mno, na mzazi asiitazame kwa hofu. Lakini ni mgeni ambaye kazi yake ikiisha hana budi kuondoka. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Stanford walieleza ugonjwa mpya waliouona kwa watoto waliotibiwa kwa mashine na oksijeni nyingi. Watoto hao walipona ugonjwa wa kwanza, lakini mapafu yao yakabaki na makovu. Hewa inayosukumwa kwa nguvu huchosha na kuchana vifuko laini. Oksijeni iliyozidi huunguza. Na mpira ulio kooni huwa njia ya vijidudu kuingia mapafuni. Aidha, mpira huo hupita katikati ya nyuzi za sauti. Mama hukiona kinywa cha mwanawe kikilia na uso ukikunjamana, lakini hasikii kilio.

Kwa hiyo kila siku ya ziada kwenye mashine ni deni. Hata hivyo, kuliondoa deni hilo kwa pupa nako ni hatari. Mtoto aliyetolewa mpira kabla hajawa tayari huanza kuhangaika. Mbavu huzama ndani, oksijeni hushuka katika damu, mapigo ya moyo hupungua, na baada ya saa chache au siku chache madaktari hulazimika kuurudisha mpira kooni. Kuurudisha huko si jambo jepesi. Koo huweza kujeruhiwa, mtoto hupita tena katika dakika za hatari, na wale wanaorudishwa kwenye mashine kwa kawaida hukaa hospitalini muda mrefu kuliko wale waliofaulu mara ya kwanza.

Kwa miaka mingi daktari alipotaka kuamua alitazama mambo manne: nguvu ambayo mashine inatumia, kiasi cha oksijeni anachohitaji mtoto, vipimo vya damu, na picha ya eksirei. Juu ya hayo aliongeza uzoefu wake. Yote hayo ni ya maana na bado yanatumika, lakini hayasemi kila kitu. Nambari za mashine huonyesha zaidi kazi inayofanywa na mashine kuliko hali ya pafu lenyewe. Picha ya eksirei nayo ni ya nukta moja ya wakati, na mionzi yake, ingawa ni michache, haifai kurudiwa mara nyingi kwa mtoto mchanga bila sababu.

SAUTI ILIYOTOKA VITANI

Asili ya chombo cha mawimbi ya sauti itawavutia wasomaji walio jeshini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, nyambizi zilizamisha meli nyingi bila kuonekana. Mwanasayansi wa Ufaransa, Paul Langevin, akatengeneza kifaa kilichotumia jiwe la kwazi kupeleka majini sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha kuupokea mwangwi wake ukirudi kutoka kwenye chuma cha nyambizi. Kufikia mwaka 1917 kazi yake hiyo ilikuwa imepiga hatua kubwa.

Aliyeupeleka mwangwi huo wodini alikuwa daktari wa Uingereza aliyewahi kutumika katika jeshi la anga, jina lake Ian Donald. Ni jambo la ajabu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya kuishughulikia sauti, alikuwa akitengeneza mashine za kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Alipohamia Glasgow alikwenda mwaka 1955 katika kiwanda cha mitungi ya mvuke, ambako mafundi walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Aliwachukulia uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaona kwamba mwangwi uliweza kutofautisha nyama ngumu na mfuko wa maji. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na Tom Brown, walichapisha picha za kwanza mashuhuri za uvimbe wa tumbo na za mtoto akiwa tumboni. Kazi mbili za mtu huyo mmoja, mashine ya pumzi na picha ya sauti, zilikaa mbalimbali kwa muda mrefu kabla ya kukutana juu ya kifua cha mtoto njiti.

PAFU HUSEMAJE

Sababu ya kuchelewa kukutana ni kwamba hewa huzuia mawimbi ya sauti. Vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba pafu, kwa kuwa limejaa hewa, haliwezi kutazamwa kwa njia hiyo. Daktari wa Ufaransa, Daniel Lichtenstein, aliyehudumu katika wodi ya wagonjwa mahututi, aliliendea jambo hilo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990 alionyesha kwamba hata ile mistari ya uongo inayotokea kwenye kioo, ambayo wengine waliipuuza, ina maana, kwa sababu pafu lenye hewa hutoa mistari ya namna moja na pafu lenye maji hutoa ya namna nyingine.

Daktari au muuguzi aliyefunzwa hunawa mikono, hukisafisha kifaa, hupaka jeli iliyopashwa joto, kisha hukigusisha polepole kwenye kifua cha mtoto bila kumtoa kitandani. Utando wa pafu huonekana kama uzi mweupe unaoteleza kila mtoto anapopumua. Pafu lililojaa hewa vizuri huonyesha, chini ya uzi huo, mistari iliyolala, iliyopangana kwa nafasi sawa kama vidato vya ngazi. Pafu lenye umajimaji huangusha miale iliyosimama, inayotoka kwenye uzi na kushuka mpaka chini ya kioo. Miale ikiwa michache, tatizo ni dogo. Ikisongamana mpaka pafu lote likawa jeupe, tatizo limekua. Na sehemu iliyofunga kabisa, isiyo na hewa, huonekana kama nyama ya ini.

Ili habari hizo ziweze kulinganishwa leo na kesho, ziliwekewa alama. Kila upande wa kifua hugawanywa sehemu tatu, yaani sita kwa jumla, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0, iliyo njema, hadi 3, iliyofunga. Jumla yake huwa kati ya 0 na 18. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya Antoine-Béclère huko Clamart, karibu na Paris, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa alama hizo zinalingana na hali ya oksijeni ya mtoto, na kwamba zinasaidia kutambua mapema mtoto njiti atakayehitaji safaktanti. Tangu hapo madaktari wa nchi mbalimbali wamezitumia alama hizo hizo kwa swali la kuachisha mashine, na matokeo yao yanaelekea upande mmoja. Watoto wenye alama chache kabla ya kutolewa mpira hufaulu zaidi, na wenye alama nyingi hurudishwa kwenye mashine mara nyingi zaidi.

WATOTO WAWILI, NAMBARI MOJA

Msomaji na achukue mfano wa watoto wawili waliozaliwa kwa wiki 28, wamelala vitanda jirani. Mashine zao zinasoma nambari zile zile, na oksijeni wanayopewa ni sawa. Kwa kipimo cha zamani wote wawili wangetolewa mpira asubuhi hiyo. Daktari anapowapima kwa sauti, wa kwanza anaonyesha ngazi safi mbele na miale michache ubavuni, na jumla yake ni 4. Wa pili ana pafu jeupe pande zote mbili, na nyuma ya kwapa la kulia imo sehemu iliyofunga. Jumla yake ni 12.

Wa kwanza anatolewa mpira na kupewa hewa ya msukumo mdogo kwa njia ya pua. Wa pili hahukumiwi kubaki kwenye mashine bila mwisho. Daktari anatafuta sababu. Pengine mwili umebaki na maji mengi. Pengine makohozi yameziba njia. Pengine mshipa ulio karibu na moyo, uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa, bado uko wazi na unajaza mapafu damu. Pengine ni uambukizo. Sababu inatibiwa, mtoto anageuzwa alalie upande mwingine, na baada ya siku mbili anapimwa tena. Faida kubwa ya kipimo hicho imo hapo. Kinaweza kurudiwa bila mionzi, na kinaonyesha kama dawa iliyotolewa jana imefanya kazi. Askari anaelewa maana yake, kwa kuwa hakuna kamanda anayeondoa kikosi mahali bila kutuma watu kutazama njia kwanza.

KIPIMO SI AMRI

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa alama hizo zinatosha peke yake. Kipimo husema kama pafu lina hewa. Hakisemi kama ubongo wa mtoto utakumbuka kuamuru pumzi, kwani watoto njiti wengi husahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Kwa ajili hiyo hupewa kafeini, iliyomo hata katika kahawa, kwa kiasi kinachopimwa na daktari. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2006, ulioshirikisha watoto 2,006, ulionyesha kuwa waliopewa kafeini waliacha msaada wa mashine kiasi cha wiki moja mapema kuliko wenzao. Vile vile alama za pafu hazionyeshi uvimbe wa koo. Nguvu za kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huweza kutazamwa kwa ultrasaundi, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Zaidi ya hayo, hospitali hazijakubaliana juu ya kiwango kimoja cha alama ambacho chini yake mtoto ni salama. Mkono usiofunzwa nao huweza kusoma vibaya. Kwa hiyo daktari mwenye busara huweka alama za sauti pamoja na nambari za mashine, damu, uzito, umri na jinsi mtoto mwenyewe anavyopumua anapojaribiwa, ndipo aamue.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki mashine za kupumulia za watoto wachanga bado ni adimu, na watoto njiti wengi husaidiwa kwa hewa ya msukumo mdogo wa puani peke yake. Lakini mashine ya ultrasaundi huwamo katika hospitali nyingi kwa ajili ya wajawazito, na alama za mapafu zinafaa pia kwa mtoto aliye kwenye hewa ya pua. Kinachohitajika zaidi ni kifaa cha mkononi kinachofaa kifua kidogo, na watu waliofundishwa kukisoma.

WAJIBU WA WAZAZI

Baba aliye kazini mbali na mama aliye wodini peke yake wote wana haki ya kuelewa. Yafaa waulize kwa heshima: "Daktari, mapafu ya mtoto yakoje leo kuliko jana? Ni jambo gani linalomzuia kuacha mashine? Akishindwa, mpango ni upi?" Muuguzi hataona vibaya kuulizwa hivyo. Na ikiwa mtoto ametolewa mpira kisha ukarudishwa, wasimlaumu mtu wala wasikate tamaa, kwa maana wengi walioshindwa mara ya kwanza hufaulu ya pili.

Maziwa ya mama yakamuliwe tangu siku za mwanzo, hata kama mtoto anapewa matone tu kwa mpira wa tumboni. Mikono inawiwe kabla ya kumgusa. Mtoto akisha kupumua mwenyewe na wauguzi wakiruhusu, abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ambao ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo waliobebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa robo, wakilinganishwa na wale waliosubirishwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto abebwe saa nane au zaidi kwa siku. Baba naye ana kifua, na zamu yake ihesabiwe.

Mjamzito anayepatwa na maumivu, damu au maji kabla ya wiki 37 asingoje mume arudi kutoka lindo. Aende hospitali saa ile ile, maana sindano ya kukomaza mapafu humfaa mtoto zaidi ikitangulia kuzaliwa kwake. Juma lijalo ukurasa huu utaeleza jinsi ya kukamua na kuhifadhi maziwa ya mama nyumbani pasipo jokofu.